Shajara ya mradi: mbegu ya mayai, mbegu ya nyama, na hesabu ya majogoo

6 Februari 2023: Mpango

Ukiuliza mbegu gani ya kuku inafaa, jibu la kwanza huwa idadi ya mayai. Huyu anataga mia tatu kwa mwaka, yule mia mbili, basi mchukue wa mia tatu. Jibu hilo linasahau kwamba karibu nusu ya vifaranga wanaoanguliwa ni majogoo. Mradi huu unaanza na swali hilo lililosahauliwa: majogoo wa kila mbegu wanaishia wapi, na wanakula kilo ngapi za chakula kabla hawajafika sufuriani?

Kwa kuku wa kisasa wa mayai, swali hilo hujibiwa kwenye kituo cha kutotoleshea. Vifaranga wa kiume huuawa siku ileile wanapoanguliwa, kwa kuwa hawajengi nyama ya kulipia chakula chao. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia Januari 2022, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuku wa mayai na nyama kwa pamoja kuanza kuzungumzwa upya. Kwa kuku wa nyama swali halipo kabisa: dume na jike wote wanachinjwa wakiwa na wiki sita hivi. Mgawanyiko huu ni wa juzi tu. Hadi miaka ya 1940 sehemu kubwa ya nyama ya kuku ilikuwa masalio ya biashara ya mayai, yaani majogoo waliozidi na koo waliochoka kutaga. Ndipo Marekani, kati ya 1946 na 1948, kukafanyika mashindano ya kitaifa ya kutafuta kuku mwenye kidari kinene anayekua haraka. Kuanzia hapo damu ya mbegu za Cornish na Plymouth Rock ikawa msingi wa kuku wa nyama, na kuku wa mayai akaenda njia yake.

Nitalinganisha makundi manne yenye vifaranga ishirini kila moja:

- Isa Brown, chotara wa kisasa wa mayai, mitetea watupu.
- Kuku wa nyama wa kisasa, dume na jike.
- Rhode Island Red, mbegu safi ya mayai na nyama, bila kuchaguliwa jinsia.
- Light Sussex, nayo mbegu safi ya mayai na nyama, bila kuchaguliwa jinsia.

Nilizifikiria mbegu nyingine nikaziacha. Leghorn mweupe anataga sana na anakula kidogo, lakini ni mwepesi, ana wasiwasi, anaruka uzio, na jogoo wake ni mifupa na manyoya. Australorp ningempenda. Huko Australia, mwaka 1922 hadi 1923, mitetea sita wa mbegu hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Sikupata vifaranga wake wenye asili ya kuaminika. Kuroiler na Sasso wanakua vizuri hata kwa kujitafutia, ila ni chotara wa kupangwa: mfugaji akitotolesha mayai yao mwenyewe, watoto hutoka mchanganyiko, huyu mkubwa, yule mdogo. Kwenye joto kali ningeanza na kuku wa shingo uchi, maana upungufu wake wa manyoya unamsaidia kutoa joto mwilini.

Gharama nitaziandika kwa kilo za chakula. Bei hubadilika na kila msomaji ana yake. Kilo anaweza kuizidisha mwenyewe.

20 Februari 2023: Vifaranga wamefika

Wote wa siku moja, wote wazima. Joto la kuleleshea ni nyuzi 33, maranda makavu, maji kwanza, chakula baadaye. Walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa mareksi kituoni. Chanjo za magonjwa ya kideri, gumboro na ndui zitafuata ratiba ya daktari wa mifugo, na sitazirudia hapa kila mara.

Makundi yote manne yako kwenye duara moja la kulelea, yakila chakula kimoja cha kuanzia cha vifaranga wa mayai.

13 Machi 2023: Kulea pamoja kumeshindikana

Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa sawa. Ya pili, vifaranga wa nyama walianza kutoa joto lao wenyewe na kunywa maji mengi, maranda yakalowa chini yao. Nikipunguza joto ili wao wasiheme, Sussex wanarundikana pembeni. Nikiliongeza, wa nyama wanalala mabawa yakiwa wazi. Sussex wawili walikufa kwenye rundo hilo. Kwenye chombo cha chakula ilikuwa vilevile: wa nyama wanakaa mbele ya chombo na hawaondoki, wadogo wanakula kinachomwagika.

Hasara nyingine iliwaangukia wa nyama wenyewe. Chakula cha vifaranga wa mayai kina protini ya asilimia 19 hadi 20, na wao wanahitaji 22 hadi 23 katika siku za mwanzo. Siku ya 14 nilipima wastani wa gramu 330, ilhali miongozo ya mbegu hizi inataka zaidi ya gramu 450. Kilichopotea wiki mbili za kwanza hakirudi chote, kwa sababu wiki zao ni chache.

Marekebisho: kuku wa nyama wamehamishiwa chumba chao, chakula chao, joto lao. Anayetaka kunakili mradi huu asiwalee pamoja hata siku moja. Nafasi niliyodhani naiokoa nimeilipa kwa vifo viwili na kwa uzito.

3 Aprili 2023: Kuku wa nyama, wiki ya sita

Nimechinja. Mmoja alikufa wiki ya nne, waliobaki wana wastani wa kilo 2.2. Kila mmoja amekula karibu kilo 4.1, kwa hiyo kilo moja ya uzito hai imegharimu kilo 1.9 ya chakula. Miongozo inazungumzia zaidi ya kilo 2.7 kwa umri huu na chakula kidogo zaidi kwa kila kilo. Tofauti hiyo naihesabia mwanzo mbaya. Baada ya kutoa manyoya na matumbo imebaki kilo 1.6 hivi kwa kuku, kidari kikiwa sehemu kubwa.

Watatu sijawachinja. Nataka kuona kama kuwaacha wakue zaidi kunalipa.

1 Mei 2023: Watatu waliobaki, wiki ya kumi

Hakulipi. Mmoja alianguka wiki ya nane, saa za joto la mchana, akafa kabla sijamfikia. Moyo na mapafu ya kuku hawa hayaendi na kasi ya misuli yao. Wa pili miguu imepinda nje, anakaa kutwa. Wa tatu mzima. Wawili hao wana kilo 4 kila mmoja, lakini nikitazama zile wiki nne za nyongeza peke yake, kila kilo waliyoongeza imekula zaidi ya kilo 3 za chakula. Hiyo ni hesabu ya kuku wa polepole, ikiwa na mateso juu yake.

Kuwaweka wazae sitaki hata kujaribu. Wazazi wa kuku wa nyama hulishwa kwa kipimo kikali maisha yao yote ili wasinenepe wakashindwa kutaga na kupanda. Mfugaji wa kawaida hawezi kufuata kipimo hicho bila kuwatesa kwa njaa.

15 Mei 2023: Kutenganisha majogoo

Wiki ya 12. Kazi hii nilipanga kuimaliza wiki ya saba. Rhode Island Red walijionyesha mapema: upanga wa kichwani ukawa mwekundu kwa majogoo huku wa mitetea ukibaki na rangi hafifu. Sussex walinichelewesha. Wawili niliowaweka na mitetea walianza kuwika wiki iliyopita.

Kuchelewa kujua jinsia kuna gharama. Mpaka ulipo uhakika, unawalisha wote chakula kimoja, unawapa wote nafasi sawa, na majogoo wanasukuma mitetea kwenye chombo. Nimeliandika hili kwa sababu ndilo litakaloongoza hatua ya uzalishaji baadaye.

12 Juni 2023: Majogoo wa mbegu safi, wiki ya 16

Rhode Island Red walikuwa tisa, Sussex kumi. Wawili wawili wamebaki kwa mbegu, wengine wamechinjwa. Rhode wana wastani wa kilo 2.0 wakiwa wamekula kilo 7.6, yaani 3.8 kwa kila kilo hai. Sussex wana kilo 2.2 kwa chakula cha kilo 8, yaani 3.6. Wakisafishwa wanabaki na theluthi mbili ya uzito.

Ukiweka mezani kuku wa wiki sita na huyu wa wiki kumi na sita, utaona tofauti kwa macho. Huyu kidari chake ni chembamba, mapaja marefu, ngozi ya Rhode ya njano na ya Sussex nyeupe. Nyama imeshikana na inataka moto wa taratibu, na mchuzi wake ni mzito. Mimi naipenda kuliko ya wiki sita. Ila hesabu inabaki palepale: kwa chakula kilekile, kuku wa nyama angenipa karibu mara mbili ya nyama hii.

Kwa mtu anayetaka nyama tu, jibu limeshapatikana hapa, na asisome zaidi kutafuta jingine.

17 Julai 2023: Chakula cha watagaji kwa kuku wasiotaga

Isa Brown walianza kutaga wiki ya 19, nami nilikuwa nimewabadilishia chakula wiki moja kabla. Banda ni moja, kwa hiyo mitetea wa Rhode na Sussex, pamoja na majogoo wanne wa mbegu, wote walikula chakula hicho cha watagaji.

Baada ya wiki mbili vinyesi vya wale wasiotaga vilikuwa maji, maranda yakalowa, harufu ya amonia ikajaa. Mtetea mmoja wa Rhode alidhoofika akafa. Daktari wa mifugo alimfungua mbele yangu: figo zimevimba, juu yake kuna unga mweupe kama chaki. Chakula cha watagaji kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Kuku anayetaga huipeleka kwenye ganda. Asiyetaga haihitaji, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuitoa.

Marekebisho yana sehemu mbili. Nimegawa banda kwa wavu, Isa Brown upande wao na chakula chao. Upande wa pili wote wanakula chakula cha kukuzia, na maganda ya chaza yaliyosagwa yamewekwa kwenye chombo cha pembeni. Mtetea akianza kutaga anayafuata mwenyewe. Vinyesi vilirudi kuwa vya kawaida ndani ya siku chache. Mwenye kundi la mchanganyiko asiye na wavu wa kugawia atumie njia hii ya maganda pembeni kwa kundi zima, kwa chakula chenye protini ya kutosha watagaji.

7 Agosti 2023: Mayai ya kwanza ya mbegu safi

Rhode wameanza wiki ya 23, Sussex wiki ya 24. Hadi yai la kwanza, Isa Brown alikuwa amekula karibu kilo 7. Rhode amekula karibu 11. Hizo kilo 4 za ziada kwa kila mtetea hazionekani kwenye matangazo ya idadi ya mayai kwa mwaka, lakini mfukoni zinaonekana.

Taa nimeiweka ili mwanga ufike saa 15 kwa siku, na sikuiwasha kabla hawajakomaa. Mtetea akiharakishwa kwa mwanga kabla ya mwili wake kuwa tayari, anataga mayai madogo na yupo hatarini kutokwa na kizazi.

2 Oktoba 2023: Hesabu ya mayai

Wote wana wiki 32, umri ambao kuku yupo karibu na kilele chake. Nimehesabu mwezi mzima wa Septemba.

Isa Brown: utagaji wa asilimia 92, chakula gramu 115 kwa siku, kilo 1.5 kwa kila mayai 12.
Rhode Island Red: asilimia 64, gramu 124, kilo 2.3 kwa mayai 12.
Light Sussex: asilimia 52, gramu 132, kilo 3.0 kwa mayai 12.

Sussex wameangushwa na kuatamia. Watatu walikalia viota mwezi huohuo, na kuku anayeatamia hatagi. Ukimtoa kiotani na kumweka kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, ubaridi chini ya tumbo humvunja hamu ndani ya siku chache, lakini kutaga hakurudi hapohapo. Kwa anayetotolesha bila mashine, tabia hiyo ni mali. Isa Brown sijamwona hata mmoja akiatamia. Wachaguaji wa mbegu walishaiondoa tabia hiyo kwenye damu yao.

Kwa mayai matupu, basi, Isa Brown hana mshindani katika banda hili. Lakini nikiwataka tena lazima ninunue tena. Nikiangua mayai yao kwa jogoo yeyote, sipati Isa Brown. Na ndugu zao wa kiume walikufa siku ya kwanza mahali nisipopaona. Hilo kwangu lina uzito, hata kama haliingii kwenye kilo.

Hatua inayofuata: kuchanganya Rhode na Sussex, nione kama chotara wao watapunguza pengo. Mbegu hizi mbili zina faida moja kubwa zaidi ya nguvu ya uchotara (chotara kuwazidi wazazi wake): zikichanganywa, rangi ya kifaranga inaonyesha jinsia siku ya kwanza.

30 Oktoba 2023: Mchanganyiko uliogeuzwa

Jogoo wa Sussex ndiye mkubwa na mtulivu, kwa hiyo nilimweka yeye kwa mitetea wa Rhode. Mashine nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55, siku tatu za mwisho nikaupandisha. Kati ya mayai 45 wameanguliwa 34. Uanguaji mzuri, vifaranga wazito. Wote wa rangi moja ya njano hafifu. Hakuna cha kutenganisha.

Niliwapanga kinyume, na hapa inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu maelezo mengi yanasema tu "changanya Rhode na Sussex" bila kusema nani awe baba.

Kwa ndege, mama ndiye anayeamua jinsia. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Jike ana Z moja na W moja. Jeni inayoamua kama kuku atakuwa na rangi ya fedha kama Sussex au ya dhahabu kama Rhode imekaa kwenye Z, na fedha inaitawala dhahabu. Mama humpa mwanawe wa kiume Z yake hiyo moja. Binti humpa W, na Z ya binti inatoka kwa baba. Mama akiwa Sussex na baba Rhode, wana wa kiume wanapata fedha kutoka kwa mama na wanakuwa wa njano hafifu, mabinti wanapata dhahabu ya baba na wanakuwa wa kahawia nyekundu. Ukigeuza, baba Sussex anawapa fedha watoto wote, dume na jike, na rangi haisemi chochote.

Kanuni fupi ya kubandika ukutani: jogoo wa dhahabu, mtetea wa fedha.

Gharama ya kugeuza: vifaranga 34 watakaolishwa pamoja hadi wiki ya nane au zaidi kabla sijawajua, kila mmoja karibu kilo 2 za chakula. Hawajapotea, ni kuku wazuri, lakini kile nilichokuwa natafuta kwenye uanguaji huu hakikupatikana. Nitawalea wakubwa na kuwatoa, na hawataingia kwenye hesabu.

Marekebisho: leo mitetea wote wa Sussex hawana tena jogoo wa Sussex, jogoo wa Rhode ameingia mahali pake. Mayai sikusanyi bado. Mbegu ya jogoo huhifadhiwa ndani ya njia ya mayai ya kuku na huendelea kurutubisha kwa wiki mbili hadi tatu baada ya jogoo kuondoka. Nitasubiri wiki tatu zipite, nikusanye wiki ya nne.

18 Desemba 2023: Rangi mbili

Mayai yaliingia mashineni 27 Novemba na vifaranga wametoka jana na leo. Wamekauka, na tofauti inaonekana kutoka mlangoni: upande mmoja njano hafifu, upande mwingine kahawia nyekundu, karibu nusu kwa nusu. Nimefurahi sana.

Kujua jinsia siku ya kwanza kumebadilisha malezi yote. Majogoo wanakwenda moja kwa moja kwenye chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kwa wiki nne. Mitetea wanapata chakula chao cha kawaida cha kukuzia mwili taratibu. Vyumba viwili tangu mwanzo, hakuna kusukumana.

26 Februari 2024: Kifaranga mmoja wa njano ni jike

Wiki ya kumi. Kati ya wale waliowekwa kama majogoo, mmoja ni mtetea, tena mweupe mwenye shingo ya madoa meusi, Sussex halisi asiye na chembe ya Rhode. Baba yake ni yule jogoo wa zamani. Wiki tatu hazikutosha kwa mama mmoja. Kuanzia sasa nasubiri wiki nne kamili kabla ya kuokota yai la kwanza la kutotolesha.

Wengine wote rangi ilisema kweli.

8 Aprili 2024: Majogoo chotara, umri wa kuchinja

Nusu nilichinja 18 Machi wakiwa na wiki 13, nusu leo wakiwa na wiki 16.

Wiki ya 13: kilo 1.9 hai, chakula kilo 5.6, yaani karibu kilo 3 za chakula kwa kila kilo hai.
Wiki ya 16: kilo 2.4 hai, chakula kilo 7.9, yaani 3.3.

Kwa wiki 16 ni bora kuliko mbegu safi zote mbili. Sehemu ya ubora huo ni nguvu ya uchotara na sehemu ni kile chakula cha wiki nne za kwanza. Siwezi kuvitenganisha kwa kundi moja. Lakini angalia wiki tatu za mwisho: nusu kilo ya uzito imegharimu kilo 2.3 za chakula, yaani 4.6 kwa kilo. Mwaka jana niliwalaumu Rhode na Sussex kwa ulaji. Sehemu ya lawama ilistahili kwenda kwenye umri niliochagua kuwachinja. Jogoo chotara nitamchinja wiki ya 13 au 14, na mwenye kutaka kuku mkubwa wa sherehe ajue kwamba ukubwa huo ananunua kwa bei ya juu kuliko kilo zote zilizotangulia.

Sijawafikia kuku wa nyama, na sitawafikia. Kilo 3 dhidi ya 1.9 ni pengo kubwa. Tofauti ni kwamba hawa wametoka kwenye banda langu, wametembea kwa miguu mizima hadi siku ya mwisho, na dada zao wanakaribia kutaga.

17 Juni 2024: Mitetea chotara, na nini kinabaki

Yai la kwanza lilikuja wiki ya 21, mapema kuliko mitetea wa mbegu zote mbili za wazazi wao. Sasa wana wiki 26, wanataga asilimia 74, chakula gramu 120 kwa siku: kilo 1.9 hadi 2 kwa mayai 12. Bado hawajaonyesha dalili ya kuatamia, ingawa umri wao ni mdogo kusema neno la mwisho. Isa Brown wana wiki 69, wameshuka hadi asilimia 78 na wanatumia kilo 1.8 kwa mayai 12, maganda yakianza kuwa mepesi. Baada ya mwaka na zaidi, kwa hiyo, kuku wa kununua na kuku wa kuzalisha mwenyewe wamekaribiana kuliko nilivyotarajia.

Uchotara huu hauendelei kizazi cha pili. Ukimpandisha jogoo chotara kwa dada zake, yeye amebeba fedha na dhahabu zote mbili, hivyo rangi zitatokea kwa dume na jike bila mpango, na nguvu ya uchotara itapungua. Anayetaka vifaranga wa rangi mbili kila mwaka lazima atunze Rhode safi na Sussex safi daima. Kwa banda langu hiyo ni koo nane wa Sussex na majogoo wawili wa Rhode wanaokula mwaka mzima, na Sussex hao mayai yao ni ya kilo 3 za chakula kwa dazani. Gharama hiyo iingizwe na kila anayetaka kunakili. Ikiwa utaangua chini ya vifaranga hamsini kwa mwaka, sidhani inajilipa. Nunua mitetea wa mayai waliochaguliwa, na nyama ichukue kwa kuku wa wiki sita waliolelewa peke yao.

Mimi nitaendelea na chotara. Isa Brown watatoka wakimaliza mzunguko huu na sitawarudisha. Sussex wawili wameanza kuatamia wiki hii, na kwa kuwa jogoo mmoja wa Sussex bado ninaye kwenye kizimba chake, nimewatenga koo watatu pamoja naye ili wanipe Sussex safi wa kurithi nafasi za mama zao. Mayai yataanza kuokotwa 15 Julai. Jogoo mpya wa Rhode atatoka kwa mfugaji mwingine, asiye na undugu na hawa, kabla ya uanguaji wa mwisho wa mwaka.